Neno Lililokaa kwa Mama Mwanvita: Mwalimu Stambuli Anatuaga

Miaka thelathini na sita ya chaki inafika mwisho tarehe 30 Juni 2025, siku ambayo Mwalimu Abdulswamad Stambuli atastaafu rasmi. Alianzia Gairo, akapanda Kinole, akateremka Bigwa, na hapa Bigwa ndipo anapoishia. Ametimiza miaka sitini, na Serikali haina mjadala na mtu aliyetimiza sitini.

Mwalimu Mkuu ameomba wasifu huu uandikwe na sisi wapishi wa jikoni. Walimu walijaribu, ukatoka kama taarifa ya kikao. Basi jikoni tumekubali, kwa sharti moja: tuandike ilivyokuwa. Mwalimu Stambuli mwenyewe hapendi kupambwa, na safari hii hata tukitaka kumpamba, kuna jambo moja limekaa katikati ya kazi yake kama jiwe la jiko. Hulizunguki. Tutalifikia.

Alizaliwa juu milimani, upande wa Kinole, kwenye mdalasini na mafenesi. Alipomaliza chuo cha ualimu alipangiwa Gairo, akafundishe Kiingereza. Anasema upepo wa Gairo ulimkausha midomo akawa anafundisha huku anajilamba, watoto wakadhani ndivyo Kiingereza kinavyotamkwa, nao wakawa wanajilamba. Wakaguzi walishangaa sana.

Kilichomtesa kule hakikuwa upepo, ni vile vitenzi vya Kiingereza visivyofuata kanuni. Vingine vyote ukitaka kusema vya jana unaongeza kamkia kao pale mwisho, imekwisha. Hivi vingine kila kimoja kina tabia yake, kama watoto wa mama mmoja. Leo ni go, jana ni went. Leo ni buy, jana ni bought. Ijumaa aliviandika ubaoni vyote, Jumatatu watoto walikuwa wamevirudisha porini: goed, buyed, eated. Akachapa, maana enzi zile ndivyo walimu walivyofanya, na yeye hakuwa malaika. Baadaye aliona kwamba mtoto aliyechapwa anakumbuka fimbo, neno halikumbuki. Fimbo akaiweka juu ya kabati na haikuteremka tena.

Dawa aliipata Kinole. Alihamishiwa huko kijana bado, akaoa huko, na mkewe amezikwa huko, Mungu amrehemu. Mwaka wake wa kwanza alihudhuria kumaliza tanga la mzee mmoja. Wenyeji wa milimani mnajua: mtu akifa, jina lake halifukiwi naye. Ukoo wa mama unakaa, unamchagua mtu, anakalishwa kwenye mkeka mbele ya watu, na kuanzia saa hiyo jina ni lake. Mjukuu wa marehemu akimwona anamwambia shikamoo babu, hata kama huyo babu mpya jana walikuwa wanagombania naye kiti. Mwalimu Stambuli alirudi nyumbani akiwaza. Alikuwa ameyaona hayo tangu utotoni, ila siku ile aliyaona kama mwalimu. Jina lenye mwenyewe halipotei. Vitenzi vyake vilikuwa vinapotea kwa sababu havikuwa na wenyewe.

Ndipo akaanza kugawa maneno. Kila mtoto alipewa lake, akae nalo mpaka amalize shule. Mwenye go ndiye anayejua went, na darasa zima likikwama linamgeukia yeye. Wenye maneno waliyatunza kama kuku wa kufuga. Alipokuja Bigwa alikuja na desturi yake. Mwezi wa tisa, kabla darasa la saba hawajafanya mtihani wao wa mwisho, mkeka unatandikwa chini ya ubao. Anayeondoka anamwekea mkono begani anayebaki, anasema neno la leo na neno la jana. Anayebaki anapokea kwa kutunga sentensi ya jana, inayomhusu yule anayemwachia. Sentensi lazima iwe ya kweli. Na lazima awepo shahidi.

Hapo kwenye ukweli ndipo tulipokuwa tunaacha sufuria jikoni kwenda kuchungulia dirishani. Watoto walisubiri mwaka mzima wapate kusema. Mmoja alimwambia Editha mbele ya shule nzima, Editha gave me a slap, kwamba alimzaba kofi, na mashahidi walikuwa kumi na zaidi. Editha leo ni nesi na bado anagawa sindano. Kuna dereva wa bajaji pale kituoni wenzake wanamwita Drove, abiria wanadhani ni jina la ubatizo. Wapo watu wazima mjini, wakiandika barua ya kuomba kazi wakakwama, wanapigiana simu wakiulizana nani alikuwa na choose. Mwenye choose anatafutwa, anapatikana anauza mitumba, anajibu bila kusita, anaendelea na mteja wake.

Ndivyo alivyofundisha. Shule nyingine za kata yetu ziliwahi kuja kuona, zikaondoka zikitikisa vichwa, na nyingine zikaiga. Kwenye mitihani ya ujirani mwema watoto wetu kwa vitenzi vile hawakuwa na mpinzani. Tungeweza kuishia hapa, tukapiga makofi, tukagawa soda. Lakini tuliahidi kuandika ilivyokuwa.

Mwanvita alikuwa darasa la sita, na neno lake lilikuwa bring, yaani leta. Alikuwa binti wa Mama Mwanvita, yule mama anayeuza ndizi na mdalasini hapo getini, ambaye wengi wenu mnamdai chenji au anawadai. Mtoto alikuwa mwembamba, macho yana umanjano kidogo, anacheka haraka. Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Siku za baridi viungo vilimuuma akawa anakaa jikoni kwetu karibu na moto, daftari mapajani, akijisemea. Masika ya mwaka 2019 mvua ilinyesha wiki nzima bila kupumua, maumivu yakampata usiku, na asubuhi hospitali walitoka nje wakamwita mama yake pembeni. Hatutaeleza zaidi. Wenye watoto mnaelewa.

Mtihani wa ujirani mwema ulikuwa umekaribia. Mwalimu Stambuli alirudi kutoka mazikoni, akakaa siku chache, akaingia darasani akatandika mkeka. Alimwita Ahmadi, aliyekuwa anakaa dawati moja na marehemu, akampa bring. Kwa kuwa mwenye neno hakuwepo wa kumwekea mkono, mwalimu alimwekea yeye. Ahmadi akatunga sentensi yake: Mwanvita brought bananas. Ilikuwa kweli. Darasa zima lilikuwa shahidi, wote walikuwa wamezila zile ndizi. Watoto wengine walilia, na mwalimu alidhani ni kilio cha kupona.

Alikosea. Tunaliandika hili tukimpenda, na yeye amelisoma kabla halijapelekwa kuchapwa, akasema liacheni. Mtu wa Kinole, aliyezaliwa kwenye mkeka huo huo, alijua kuliko mtu yeyote hapa kwamba cha marehemu hakigawiwi kabla ya arobaini, na hakigawiwi bila upande wa mama kutoa kauli. Aliichukua desturi ya wazee akaifanya ya shule, akaizoea, akasahau kwamba ina wenyewe.

Watoto walihadithia nyumbani. Kesho yake Mama Mwanvita alikuja na kanga za msibani, akasimama mlangoni mwa darasa. Hakupiga kelele. Alisema, “Mwalimu, udongo wa mwanangu haujakauka, wewe umeshagawa vyake. Umemuuliza nani? Umeniuliza mimi? Umemuuliza mjomba wake?” Mama akamgeukia Ahmadi, akamshika kichwa kwa upole. “Wewe baba huna kosa. Lakini hicho ulichopewa si chako. Nirudishie.” Ahmadi, mtoto wa watu, hakujua neno linarudishwaje. Akasimama, akalisema la leo na la jana, kwa sauti ndogo. Mama akaitikia, “Nimepokea.” Akaondoka nalo.

Tangu siku hiyo bring likawa nyumbani kwa Mama Mwanvita.

Msicheke. Mwalimu alilifundisha ubaoni kama kawaida, watoto wakaliandika kwenye madaftari yao na wakalipata kwenye mitihani ya kuandika. Ila mdomoni halikutoka. Hakuna aliyewakataza. Waliokuja nyuma, ambao hata Mwanvita hawakumjua, walirithi na hilo: maneno yote yana wenyewe darasani, isipokuwa moja, liko getini, usilitaje kwa nguvu mama wa watu asije akasikia. Mwaka mmoja alikuja mkaguzi, akataka kuonja Kiingereza cha darasa la sita. Akauliza vitenzi, vikajibiwa kama mvua ya mawe. Akauliza bring. Kimya. Akarudia. Kimya. Mtoto mmoja mwenye huruma akanyoosha mkono akamwambia, “Hilo halipo hapa, mheshimiwa. Liko kwa Mama Mwanvita.” Mkaguzi alimtazama Mwalimu Stambuli, na Mwalimu Stambuli angeweza kueleza. Alisema tu, “Ni uzembe wangu.” Ikaandikwa hivyo, na ipo kwenye jalada lake mpaka leo anapostaafu.

Kila masika ikirudi alikwenda nyumbani kwa Mama Mwanvita na kilo ya sukari. Alipokewa vizuri. Alipewa kigoda uani, akapewa maji, wakazungumza mvua, bei ya ndizi, barabara ya Kinole ilivyokatika. Akigusa tu jambo lililompeleka, mama alisimama akaanza kufagia. Unajua mtu akifagia miguuni kwako maana yake nini. Mwalimu aliaga, akarudi. Sukari ilibaki, kwa hiyo hakufukuzwa. Lakini hakusamehewa.

Kuna kitu kimoja alichofanya ambacho wengi wetu hatukuweza. Watu wazuri, kwa nia njema, walianza kumwita yule mama Mama Zuhura, kwa jina la binti yake mdogo aliyebaki, wakiona wanamwepushia uchungu. Haitiki. Unaweza kumwita Mama Zuhura mpaka ndizi ziive, hageuki. Mwalimu Stambuli hakuteleza hata mara moja. Alipita pale getini asubuhi akasema, “Umeamkaje, Mama Mwanvita?” Na kila asubuhi alijibiwa, “Nimeamka, mwalimu.” Mengine yalikuwa magumu, lakini hilo lilikuwepo.

Sasa Zuhura alikua. Siku hazigandi, na mtoto haachi kukua. Naye ana selimundu kama dada yake. Mwezi wa tisa mwaka jana, akiwa darasa la nne, ilifika zamu yao ya kupokea maneno. Dada mmoja wa darasa la saba alimwekea mkono akitaka kumwachia sing. Zuhura akautoa ule mkono taratibu. “Ahsante dada. Mimi nasubiri la kwetu.” Mwalimu akaenda kwenye jina linalofuata.

Habari ikamfika mama yake, na mama akaapa. Alituambia hapo jikoni, anamenya karanga zetu huku machozi yanashuka bila yeye kuyafuta: “Mmoja alilibeba akaondoka nalo. Huyu wa pili simpi. Nikimpa cha dada yake, na njia ya dada yake ataifuata.” Tulimwambia ugonjwa haufuati maneno, unafuata damu, ndivyo wanavyosema kliniki. Akajibu, “Kliniki hawajazika.” Ukiwa na mtoto mgongoni, jibu kama hilo unalipokea tu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka huu ulipoanza. Mwalimu amebakiza miezi, mgongo umempinda, kila mmoja anamuuliza atafuga nini huko Kinole. Yeye alikuwa na swali moja tu. Aliwahi kulisema mbele ya walimu wakati wa chai: kwamba anaweza kuacha nyumba bila bati, lakini hawezi kuacha neno la mtoto liko nje. Akiondoka yeye, nani atajua hata kwamba linadaiwa? Atakuja mwalimu mpya, atatoa kitabu, atasema bring brought twende mbele, na Mwanvita atakuwa amekwisha kabisa hapa shuleni.

Aliyelifungua ni Mwalimu Lukasi, wa hesabu. Ni Mnyamwezi wa Tabora, ana miaka miwili tu hapa, na tangu siku ya kwanza yeye na Mwalimu Stambuli ni watani. Stambuli akimwona mikono mitupu humwuliza kama anaumwa, maana hajawahi kuona Mnyamwezi mzima asiye na mzigo. Lukasi humjibu kwamba Mluguru akitembea tambarare hujikwaa, miguu inatafuta mlima. Waliosoma desturi za zamani wanajua utani wa makabila haya haukuwa wa kuchekeshana tu. Mtani ndiye alikuwa na ruhusa ya kuingia msibani akasema ambacho ndugu hawezi kusema. Na Lukasi alipohadithiwa habari yote, aliuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: “Kwenye ule msiba, mtani alikuwa nani?” Hakuwepo. Mvua ilikuwa imekata barabara, waliofika walikuwa wachache, mtoto alizikwa haraka. “Basi msiba haujaisha huo,” akasema. “Mnamlaumu bure mama wa watu.”

Jumamosi moja ya mwezi wa tano walikwenda wawili. Safari hii Mwalimu Stambuli hakubeba sukari na hakukaa kwenye kigoda. Alivua viatu, akakaa chini kwenye mkeka pale uani, kama anavyokaa mtu aliyekuja kuomba. Alisema alichopaswa kusema miaka sita nyuma: kwamba alichukua cha watu bila idhini, kwamba alijua na akafanya, kwamba hakuja kulidai lile neno, likae kwa mwenyewe hata milele, amekuja kwa sababu anaondoka na hataki kuondoka na deni la heshima. Mama Mwanvita akachukua ufagio.

Hapo Lukasi akainuka, akalivamia tenga la ndizi lililokuwa ukutani, akalitia begani. Mama akaduwaa na ufagio mkononi. “We baba, unafanya nini?” Lukasi akamjibu kwa sauti ya kusikika nyumba tatu, “Nahamisha! Ninyi Waluguru tumewachoka. Ndizi mnaficha, mdalasini mnaficha, sasa mmeficha na Kiingereza! Watoto wetu wa Tabora wakisomea hapa watasema nini? Huyo marehemu wenu mwenyewe hakuwa mchoyo, alikuja shuleni na ndizi akagawa. Uchoyo huu umeutoa wapi wewe, mama yake?”

Mtu mwingine angesema hayo angepigwa. Mama Mwanvita alimtazama yule Mnyamwezi na tenga lake, mdomo ukamcheza, akacheka. Tunaambiwa alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikageuka katikati, kikawa kile kilio ambacho hakikutoka mwaka 2019, na Zuhura akatoka ndani mbio akidhani kuna msiba. Kweli ulikuwepo. Ulikuwa unaisha. Lukasi alitua tenga, akakaa chini, naye akalia, maana mtani akishamaliza kazi yake ni mtu kama watu wengine.

Mama hakukubali siku ile. Alisema atazungumza na kaka yake, mjomba wa watoto, aliyeko Kinole. Alizungumza naye. Mjomba akatoa kauli: atoe mama mwenyewe, kwa mkono wake, au lisitolewe.

Alhamisi iliyopita mkeka ulitandikwa, nje ya msimu wake. Mama Mwanvita aliingia darasa la tano akiwa amevaa gauni la Idi. Watoto walisimama bila kuambiwa. Alimkalisha Zuhura, aliyekuwa ametoka wodini siku chache tu na sweta lake limefungwa mpaka kidevuni, akamwekea mkono begani. Tulikuwa dirishani, na tulikuwa na hofu moja: yule mama hajasoma. Miaka sita ametunza kitu kwa lugha asiyoijua. Je, bado analo?

Alikuwa nalo. “Bring,” akasema. Akapumzika. “Brought.” Lilitoka safi, kama alivyolipokea kwa Ahmadi.

Kisha ikawa zamu ya Zuhura kupokea kwa sentensi ya kweli. Watoto wengine walishaanza kunong'onezana: atasema ya nani, ya mama au ya dada? Na ya dada ataijuaje, naye alikuwa na miaka mitano? Zuhura alifikiri. Akasema polepole, “My sister brought me porridge.”

Mwalimu Stambuli akauliza, kama sheria yake inavyotaka, “Shahidi?”

Darasani hakukuwa na shahidi. Wale watoto wote walikuwa wadogo mno wakati ule. Walimu wakatazamana. Ndipo sauti ikatoka dirishani, ya mmoja wetu wa jikoni, kwamba ni kweli. Mwanvita akishapewa uji wake saa nne, alikunywa nusu. Nusu aliomba imiminwe kwenye chupa ya soda, akaifunga, akaiweka kwenye begi. Alisema ni wa mdogo wake. Jikoni tulimmiminia sisi wenyewe, na siku za baridi tulimwongezea.

Mama Mwanvita aliomba atafsiriwe. Akatafsiriwa sentensi, akatafsiriwa na ushahidi. Mkono wake ulikuwa bado begani kwa mtoto. “Kumbe ni uji,” akasema. “Mimi nilikuwa namgombeza kila siku. Begi linanata, madaftari yananata, namuuliza unaweka nini humu, hasemi. Anacheka tu.” Akamtazama Zuhura. “Na wewe ulikuwa unakunywa.” Zuhura akasema, “Nilikuwa nakunywa nyuma ya nyumba.” Mwalimu Stambuli aligeukia ubao akafuta kitu ambacho hakikuandikwa.

Huyo ndiye tunayemuaga. Ameelekeza maelfu kusema ya jana kwa usahihi, akakosa mara moja, na akatumia miaka sita kurudi kulisahihisha kosa lake kwa miguu, sukari mkononi, bila kumtupia mtu mwingine lawama. Tunamwona amechoka. Mashavu yameingia ndani. Nyumba anayorudia Kinole haina anayemsubiri, na milima ile ukiwa na magoti yake si ya kupanda mara mbili kwa siku. Tusidanganyane kwamba kustaafu ni raha tupu. Wanawe wapo mbali, na chaki haimfuati.

Ana neno moja ambalo hajamwachia mtu tangu aanze, ni teach. Leo, baada ya hotuba, mkeka utatandikwa kwa ajili yake, na anayepokea ni Mwalimu Lukasi. Lukasi ameapa kwamba sentensi yake itakuwa ya matusi. Sisi tunajua itakuwa ya kweli, kwa sababu mashahidi tutakuwa sisi.

Mwalimu Stambuli, ahsante. Ahsante kwa fimbo uliyoiweka juu ya kabati, kwa watoto uliowaacha wakae karibu na moto wetu bila kuwafukuzia darasani, na kwa kumwita mama wa mtu jina lake. Tunakuombea usiku wenye usingizi, magoti yasiyouma, mdalasini usiokosa mnunuzi, na majirani wanaobisha hodi bila sababu. Ukishuka mjini, jikoni pita. Uji utakuwepo.

Na kwa yeyote atakayekuja kukaa kwenye meza yako, awe mwalimu mpya au mkaguzi, tunaliacha hapa kwa maandishi, na Mama Mwanvita ametutaka tuliandike kwa jina: bring lilikuwa la Mwanvita. Sasa liko kwa Zuhura, darasa la tano. Wiki hii baridi imemrudisha wodini, lakini analo. Ukilihitaji nenda kamuulize, na ukimkuta amelala, kaa, subiri aamke.

Mama Amani,
kwa niaba ya jikoni na wafanyakazi wote